Aurelia Rogers na Saa Zisizo na Mwenyewe

Wamormoni, yaani waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wanapomtaja Aurelia Spencer Rogers humweka katika kundi la akina mama wapole. Husimuliwa kwamba alikuwa mwanamke wa mji mdogo wa Farmington, Utah, aliyependa watoto, akasikitishwa na tabia za wavulana, akaomba waanzishiwe mafundisho, na viongozi wakamsikiliza. Simulizi hiyo si ya uongo, lakini inampunja. Mafundisho ya dini kwa watoto yalikuwapo Utah karibu miaka 30 kabla yake. Alichokianzisha mwaka 1878 kilikuwa kitu kingine, nacho kilihusu utawala kuliko upole: alitaka kujua ni nani mwenye mamlaka juu ya mtoto katika saa ambazo hayuko mbele ya mzazi, wala mwalimu, wala mhubiri. Jibu alilolipigania lilikuwa kwamba saa hizo ni za wanawake wa mtaa mzima, si kwa hiari ya mmoja mmoja, bali kwa cheo, ratiba na daftari la mahudhurio. Hii ndiyo hoja ninayotaka kuitetea, kwa sababu ushahidi wake uko wazi ila mara nyingi umefunikwa na sifa.

Ushahidi unaanzia utotoni mwake. Alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1834 katika kijiji cha Deep River, jimbo la Connecticut, mashariki mwa Marekani. Baba yake, Orson Spencer, alikuwa msomi wa chuo kikuu na mhubiri wa Kibaptisti kabla ya kuingia katika dini hiyo mpya na kuihamishia familia Nauvoo, Illinois, mji ambao Wamormoni walikuwa wameujenga kando ya mto Mississippi. Joseph Smith, mwanzilishi wa dini, aliuawa na kundi la wenye silaha mwezi Juni 1844, na mapema mwaka 1846 waumini wake wakaanza kufukuzwa Nauvoo katikati ya baridi kali. Mama yake Aurelia, Catherine Curtis Spencer, alikuwa mgonjwa. Wazazi wake walikuwa tayari kumpokea kwa sharti kwamba aikane imani yake, akakataa. Alifariki njiani huko Iowa mwezi Machi 1846, na mwili wake ukarudishwa Nauvoo kuzikwa. Miezi michache baadaye kanisa likamtuma Orson kwenda kuongoza kazi ya umisionari Uingereza. Watoto sita wakabaki katika kibanda cha magogo mahali palipoitwa Winter Quarters, kando ya mto Missouri. Mkubwa, Ellen, alikuwa na miaka 14 hivi, na Aurelia alikuwa na miaka 12.

Jambo la kutazama hapa ni namna watoto hao walivyopona, zaidi ya uchungu wa kuachwa kwao. Mzazi hayupo. Majirani waliombwa wawaangalie, na wakawaangalia, lakini kila jirani katika kambi ile alikuwa na wagonjwa na maiti wake mwenyewe. Nidhamu ya ndani, yaani nani apike, nani akamue, nani amshike mdogo anapolia, iliwaangukia wasichana wawili ambao kwa kipimo chochote walikuwa watoto. Mwaka 1848 wakasafiri kwa magari ya ng'ombe hadi bonde la Salt Lake, bado bila baba, ambaye alifika mwaka uliofuata. Kwa hiyo Aurelia alijua mapema mambo mawili ambayo mtu aliyelelewa nyumbani mwa wazazi wake wote hujifunza kwa kuchelewa: kwamba ulezi unaweza kufanywa na watu wengine zaidi ya mama na baba, na kwamba ukiachiwa huruma ya anayepita njia hautoshi. Sisemi kwamba kibanda cha Winter Quarters kilizaa moja kwa moja chama cha mwaka 1878, maana kati yake kuna miaka zaidi ya 30. Nasema tu kwamba alipofika kuuliza swali lake, hakuwa akiwaza juu ya jambo la kusikia.

Mwezi Machi 1851, akiwa na miaka 16, aliolewa na Thomas Rogers, wakahamia Farmington, kilomita 25 hivi kaskazini mwa Salt Lake City, katika ardhi ambayo Washoshoni na Waute walikuwa wakiitumia kabla walowezi hawajaifungia kwa mashamba na mifereji. Alizaa watoto 12, na watano kati yao wakafa wakiwa wachanga. Maisha ya wanawake wa Farmington yalikuwa ya kusokota, kukausha matunda, kutengeneza sabuni, kumwagilia bustani na kuuguza. Wanaume wengi walikuwa mashambani au safarini, tena kanisa lao liliweza kumtuma mume ughaibuni kwa miaka miwili au mitatu bila mshahara. Penye mitala, ambayo dini hiyo iliiruhusu wakati ule, baba mmoja aligawanyika nyumba kadhaa. Ukiyaunganisha hayo utaelewa kwa nini mtoto wa miaka 10 angeweza kuzunguka mjini tangu alasiri hadi usiku bila mtu kujua aliko. Shule ya kawaida ilikuwa ya miezi michache kwa mwaka. Shule ya Jumapili ilikuwa ya Jumapili. Zilizobaki zilikuwa saa zisizo na mwenyewe.

Aurelia aliwatazama wavulana hao na akaona wanakuwa wakorofi. Huenda kwa macho yetu ukorofi wao ungeonekana mdogo: kukesha nje, lugha chafu, kuruka uzio wa watu kuiba matunda. Lakini katika mji unaoishi kwa bustani, matunda ni chakula cha majira ya baridi, na mtoto anayeiba leo ndiye atakayekuwa jirani kesho. Hata askofu wa Farmington, John W. Hess, alikuwa ameshawaita akina mama na kuwahimiza wawadhibiti watoto wao. Hapa ndipo tofauti ya Aurelia inapoonekana. Wahenga wetu walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na askofu yule angeweza kuutumia msemo huo bila kubadilisha neno: alilipeleka tatizo mlangoni mwa kila mama. Aurelia aliona kwamba mama mmoja mmoja hawezi. Mama anayemzuia mwanawe ndani huku wa jirani wako nje hamfunzi, anamfunga. Tatizo lilikuwa la wote pamoja, na lilihitaji chombo cha wote pamoja.

Nafasi ilipatikana katikati ya mwaka 1878. Eliza R. Snow, mwanamke mwenye sauti kuliko wote katika kanisa hilo, mshairi, mjane wa Joseph Smith na kisha wa Brigham Young, alikuja Farmington kwa mkutano wa chama cha wanawake, ambacho leo kwa Kiswahili kanisa hukiita Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama. Mkutano ulipokwisha, wageni waliingia nyumbani kwa Aurelia wakingoja treni ya kurudi Salt Lake City. Aurelia akamweleza Snow hofu yake: wavulana wakiendelea hivi, mabinti zetu watapata wapi waume wazuri? Akauliza kama haingewezekana kuwe na jumuiya ya wavulana wadogo, wafunzwe kuwa wanaume bora. Snow alilichukua wazo hadi kwa John Taylor, aliyekuwa akiongoza kanisa kama mkuu wa Mitume Kumi na Wawili baada ya kifo cha Brigham Young mwaka 1877. Taylor akakubali. Snow akaandika barua kurudi Farmington, Askofu Hess akapewa taarifa, na Hess akarudi kwa yule yule aliyelianzisha: akamwomba Aurelia aongoze. Wazo lilipanda hadi juu na kushuka ndani ya kipindi kifupi sana, na nadhani kasi hiyo yenyewe ni ushahidi kwamba aligusa mahali palipokuwa pakiuma kila mji wa Utah.

Hapo akafanya jambo ambalo wasimulizi hulipita haraka. Alikuwa ameomba chombo cha wavulana. Alipoanza kukipanga, akaandika kwamba wasichana waingizwe pia, akatoa sababu kwamba uimbaji bila sauti za wasichana usingekuwa na utamu. Sababu hiyo inaonekana nyepesi mpaka mtu afikirie matokeo yake. Chama cha wavulana peke yao kingekuwa cha kurekebisha tabia, namna ya adhabu, na kila mvulana angejua kwamba ameitwa kwa sababu ni mkosaji. Wasichana walipoingia, kikawa cha watoto wote wa mji. Sijui njia bora zaidi ya kuondoa aibu katika nidhamu kuliko kumwita kila mtu. Iwe alilipanga hivyo kwa makusudi au aliwaza nyimbo tu, uamuzi ule ndio uliokiwezesha kuvuka mipaka ya Farmington.

Tarehe 11 Agosti 1878 Aurelia, akiwa na miaka 43, alisimikwa kuwa rais wa chombo hicho kipya. Kwa Kiswahili kanisa hukiita Msingi. Nyumba za kata ziliandikishwa, majina ya watoto 224 yakapatikana, na tarehe 25 Agosti wakakutana kwa mara ya kwanza katika kanisa la mawe la Farmington. Mafunzo ya mwanzo ndiyo ushahidi mkubwa kuliko wote wa hoja yangu. Wavulana waliambiwa wasiingie bustani za watu kuchukua pichi na matikiti. Wasichana walikanywa wasining'inie nyuma ya magari ya farasi yanapopita barabarani. Pamoja na hayo walifundishwa imani, sala, utiifu, adabu na kufika kwa wakati. Mtu aliyetaka kuanzisha darasa la katekisimu asingeanza na matikiti. Angeanza na uumbaji, au amri kumi, au kitabu cha dini. Aurelia alianza na bustani na barabara kwa sababu hizo ndizo zilizokuwa wilaya zake: sehemu ambapo hakuna mzazi wala mwalimu. Baadaye watoto wa Farmington walilima maharage na mahindi ya bisi ya kuweka akiba, wakiiga mama zao ambao tangu mwaka 1876 walikuwa wakikusanya ngano kwa ajili ya njaa. Mtoto aliyekuwa akivuna cha mwenzake sasa alikuwa na chake cha kulinda. Hilo nalo ni somo la dini, lakini linapitia mikononi kabla ya kufika kichwani.

Msomaji mwangalifu atapinga kwamba Shule ya Jumapili ilishakuwapo, na hivyo Aurelia alirudia tu cha wengine. Ni kweli ilikuwapo. Richard Ballantyne, mhamiaji kutoka Uskoti, alifungua ya kwanza katika bonde la Salt Lake tarehe 9 Desemba 1849, nyumbani kwake, na kabla ya hapo Waingereza walikuwa na shule za namna hiyo tangu enzi za Robert Raikes wa Gloucester mwishoni mwa karne ya 18. Pingamizi hili hata hivyo linaimarisha hoja yangu badala ya kuibomoa. Kama haja ya Farmington ingekuwa mafundisho, Shule ya Jumapili ingetosha, kwa kuwa ilikuwa na walimu, vitabu na karibu miaka 30 ya uzoefu. Haikutosha kwa sababu wavulana walewale waliokaa kimya Jumapili asubuhi ndio walioonekana juu ya uzio Jumanne jioni. Msingi ulikutana siku nyingine za juma, ukaongozwa na wanawake, ilhali Shule ya Jumapili ilikuwa chini ya wanaume. Tofauti hizo mbili, ya siku na ya waongozaji, ndizo roho ya kitu kile.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Je, mwanzilishi wa kweli si Eliza Snow, au hata Taylor na Hess? Aurelia hakuruhusiwa kufungua hata mlango bila idhini ya wanaume, na baada ya Farmington ni Snow aliyezunguka Utah yote akianzisha Msingi mji baada ya mji, akatayarisha vitabu vya nyimbo na vya maswali na majibu ya Biblia, na mwezi Juni 1880 akasimamia kuteuliwa kwa Louie B. Felt, si Aurelia, kuwa rais mkuu. Nakubali sehemu kubwa ya hili. Bila Snow, Msingi ungebaki desturi nzuri ya mji mmoja. Lakini kueneza si kubuni. Aliyeweza kuliona pengo alikuwa mama aliyeishi miaka 27 katika mji uleule, aliyejua nyumba ipi ina mvulana yupi. Kuhusu idhini ya wanaume, katika kanisa hilo hakuna kilichopita pasipo hiyo, kwa hiyo kuwapo kwake hakutuelezi nani alifikiri. Kinachotueleza ni mwelekeo wa wazo: lilitoka sebuleni likapanda, halikutoka ofisini likashuka. Tena wanawake wa Utah wa wakati ule hawakuwa wageni wa mambo ya umma. Walikuwa na haki ya kupiga kura tangu mwaka 1870, nusu karne kabla ya wanawake wa Marekani yote kuhakikishiwa haki hiyo na katiba, mpaka Bunge la Marekani lilipowanyang'anya mwaka 1887 katika vita vyake dhidi ya mitala.

Vita hivyo vinaleta pingamizi la tatu, ambalo wanahistoria wa nje ya kanisa hulipenda. Reli ilivuka Marekani mwaka 1869 na mwaka uliofuata tawi lake likapita Farmington kuelekea Salt Lake City. Wapresbiteri na wengine wakaanza kufungua shule Utah kwa nia ya wazi ya kuwavuta watoto wa Kimormoni. Sheria dhidi ya mitala zilikuwa zikikaza, na mwezi Januari 1879 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua katika kesi ya Reynolds kwamba dini si kinga ya kuoa wake wengi. Je, Msingi haukuwa ukuta tu wa kuwazungushia watoto wasiuone ulimwengu? Katika kuenea kwake, ndiyo, hofu hiyo ilisukuma, na viongozi wasingekubali wazo haraka vile kama wasingekuwa wanahisi kizazi kinawaponyoka. Katika kuzaliwa kwake, sioni. Wavulana wa Farmington hawakuwa wakiibiwa na Wapresbiteri, wao ndio waliokuwa wakiwaibia majirani zao wa dini yao wenyewe. Aurelia alikuwa akilalamikia watoto wa nyumbani. Ni rahisi mno kuigeuza kila hatua ya jamii iliyozingirwa kuwa jibu kwa wanaoizingira, na tukifanya hivyo tunawanyima watu wake hata haki ya kuwa na matatizo ya kawaida.

Liko pia suala la chanzo. Mengi tunayoyajua kuhusu yale mazungumzo ya kungoja treni yanatoka kwa Aurelia mwenyewe, katika kitabu alichokichapisha Salt Lake City mwaka 1898 kuhusu maisha ya baba yake na watu wengine pamoja na historia ya Msingi. Miaka 20 ilikuwa imepita, na mtu anayeandika habari za jambo alilolianzisha ana sababu za kulipamba. Nimelipima hili, na naona kitabu kinaaminika hasa pale kinapojidhalilisha. Mwandishi anayetaka sifa angetuambia kwamba kikao cha kwanza kilijaa mafunuo. Yeye anatuachia pichi, matikiti na magari ya farasi. Jina lake pia halimo katika anwani ya kitabu: aliyetajwa ni baba.

Aliongoza Msingi wa Farmington hadi mwaka 1887, na mwaka 1893 akaingizwa katika bodi kuu ya Msingi. Mwaka 1895 alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Utah waliosafiri hadi Atlanta kwenye mkutano wa watetezi wa kura ya wanawake na hadi Washington kwenye Baraza la Taifa la Wanawake, jambo ambalo picha ya mama mpole wa kijijini hailipi nafasi. Louie Felt alikaa katika urais mkuu miaka 45. Chini yake na msaidizi wake May Anderson, Msingi ulianzisha gazeti la watoto mwaka 1902, na mwaka 1922 ukafungua hospitali ya watoto katika nyumba ya zamani jijini Salt Lake City. Aurelia alifariki Farmington tarehe 19 Agosti mwaka huohuo. Hospitali, gazeti, bajeti na bodi, vyote mikononi mwa wanawake, vilikuwa vimekua kutoka katika uamuzi uleule kwamba mtoto wa jirani ni kazi ya ofisi, si ya huruma peke yake. Katika karne ya 20 ofisi hiyo ilipunguzwa hatua kwa hatua. Gazeti la zamani lilifungwa mwaka 1970 na jipya likawa la kanisa zima, na fedha zikahamia mfuko wa pamoja.

Pigo kubwa zaidi kwa wazo la Aurelia, kwa maoni yangu, halikuonekana kuwa pigo. Mwaka 1980 kanisa liliunganisha mikutano yake yote siku ya Jumapili, na Msingi ukahama kutoka siku za kazi. Sababu zilikuwa za busara: nauli, mafuta, na waumini walioishi mbali na majengo. Kwa familia za Nairobi au Lubumbashi zinazosafiri mwendo mrefu kufika kanisani, na ambazo zilijiunga na dini hii baada ya mabadiliko hayo, ratiba ya siku moja ndiyo pekee inayowezekana, na sidhani kuna haja ya kuirudisha ya zamani. Lakini tusichanganye mambo. Darasa la watoto linalofanyika Jumapili ndani ya jengo la ibada, haidhuru linaitwaje, ni mtoto wa Richard Ballantyne wa mwaka 1849. Alichokianzisha Aurelia Rogers kilihusu siku sita nyingine, na siku hizo, Farmington kama kwingineko, zimerudi kuwa mzigo wa kila mama peke yake.